Wadudu Wamekufa, Mbona na Samaki Wamekufa?

"Kaka, dawa niliyoweka jana imefanya kazi, wadudu wamekufa. Sasa mbona na samaki wamekufa?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa Msongola, hapa Dar es Salaam, saa moja asubuhi, tumesimama kando ya tanki lake la saruji nyuma ya nyumba. Sato walikuwa wanaelea matumbo juu, midomo wazi, vifuniko vya matamvua vimetanuka. Samaki aliyekufa katika hali hiyo mara nyingi amekufa akitafuta hewa. Ugonjwa mama alikuwa ameupatia: samaki walikuwa wanajisugua ukutani kwa wiki nzima, ngozi imefifia, ute umezidi. Dawa pia haikuwa feki. Alitia formalini saa kumi na mbili jioni, akafunga geti la banda, akalala. Kufika alfajiri walikuwa wameshaanza kuelea.

Nimekuwa nikizunguka kwa wafugaji wa Chanika, Goba, Bunju na Kigamboni kwa muda sasa, na swali lake nimelisikia kwa namna nyingi. Wengi huishia kuamini kwamba dawa ilikuwa mbaya, au samaki walishachelewa. Lakini kuua kimelea ni kazi moja, kumponya samaki ni kazi nyingine, na ya kwanza inaweza kabisa kuiharibu ya pili. Anayeuza dawa anakueleza ile ya kwanza tu. Ya pili inabaki kwako na tanki lako.

Inabidi tuanze na matamvua. Mchukue samaki aliye hai, mshike kwa mkono uliolowa, inua kifuniko cha pembeni mwa kichwa. Utaona safu nyekundu zilizopangwa kama meno ya kitana. Ngozi iliyofunika yale meno ni nyembamba kiasi kwamba damu na maji karibu vinagusana. Ni lazima iwe hivyo, maana hapo ndipo samaki anapovuta hewa. Hapohapo ndipo anapotolea sehemu kubwa ya amonia, ule uchafu ambao sisi mwili wetu huugeuza kuwa urea na kuutoa kwa mkojo. Na hapohapo ndipo anapolinda chumvi ya mwili wake, kwa sababu damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka: maji yanaingia mwilini mchana na usiku, chumvi inataka kutoka, naye anafanya kazi ya kuirudisha bila kupumzika.

Sasa kimelea kinapanda juu ya ngozi hiyo. Kwa sato wa kwenye matanki yetu, mara nyingi ni trikodina, kidudu cha seli moja chenye umbo la kisahani na pete ya vijino chini yake, kinachozunguka juu ya ngozi kama kifuniko cha chupa kilichosukumwa mezani. Au ni minyoo midogo ya matamvua, inayojishikiza kwa kulabu. Au ni ule ugonjwa wa madoa meupe, kana kwamba samaki amenyunyiziwa chumvi. Kuna vingine vinavyoonekana kwa macho, kama chawa wa samaki, ambaye ni bapa na anatembea juu ya magamba. Vyovyote viwavyo, mwili wa samaki hujitetea kwa njia mbili: unamwaga ute mwingi, na unaongeza seli pale palipoumizwa. Ile ngozi nyembamba inakuwa nene, meno ya kitana yanaanza kugandana. Kwa hiyo siku unayomwona samaki wako anahema juu ya maji, kimelea kimeshafanya kazi yake, na kinga ya mwili nayo imeziba mlango wa hewa.

Ni katika hali hiyo ndipo tunapomwaga formalini, kemikali inayoua kwa kugandisha protini. Protini ya kimelea na protini ya tamvua kwake ni kitu kimoja. Kinachomwokoa samaki ni ukubwa wake na kipimo ulichotumia, basi. Samaki mwenye matamvua mazima anastahimili. Aliyekwisha kuziba anapigwa mara ya pili mahali palepale.

Nilimwomba mama futi kamba. Tanki lilikuwa mita 4 kwa 3, na fundi alilijenga kwa kina cha mita 1.2. Hesabu yake ilitoka hapo: 4 mara 3 mara 1.2 ni mita za ujazo 14.4. Kipimo cha formalini kwa maji ambayo hayatabadilishwa ni mililita 25 kwa kila mita ya ujazo, akapata mililita 360, akapima vizuri kabisa kwa bomba la sindano. Lakini maji yenyewe yalikuwa na kina cha sentimeta 90. Ujazo halisi ulikuwa mita za ujazo 10.8, na dawa iliyotakiwa ni mililita 270. Wale samaki walipata mililita 33 kwa kila mita ya ujazo. Theluthi nzima zaidi.

Hata hivyo theluthi hiyo peke yake pengine isingewamaliza. Formalini ina tabia ya kula hewa iliyomo majini. Kanuni inayotumika na wafugaji duniani ni kwamba kila mililita 5 kwa mita ya ujazo huondoa karibu miligramu 1 ya oksijeni katika kila lita. Kipimo chake kilikuwa kinaelekea kuondoa miligramu 6 na ushei. Maji ya nyuzi joto 28, ambayo ndiyo maji ya kawaida hapa Dar, hata ukiyapuliza hewa mpaka yashibe hayabebi zaidi ya miligramu 7.8 hivi kwa lita. Toa moja kwenye nyingine uone kilichobaki. Ongeza kwamba formalini huua pia mwani, ile rangi ya kijani inayotengeneza hewa mchana. Ongeza kwamba usiku mwani wenyewe, samaki na uchafu wa chini vyote vinavuta hewa, na saa chache kabla ya jua kuchomoza ndipo maji yanapokuwa maskini kuliko wakati wowote. Mama hakuwa na pampu ya hewa. Saa kumi na mbili jioni ndiyo ilikuwa saa mbaya kuliko zote.

Dawa inayokula hewa hutiwa asubuhi jua likishapanda, pampu ikiwa inanguruma au mtu akiwa amesimama pale na mpira wa maji, samaki wakiwa wameshinda njaa siku nzima kabla yake. Njaa hiyo si adhabu. Samaki aliyeshiba anatumia hewa zaidi na kutoa amonia zaidi kupitia matamvua yaleyale unayotaka kuyapumzisha. Na mtiaji avae glavu, avae barakoa, asimame upande upepo unakotokea. Mvuke wa formalini umeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kosa langu mimi lilikuwa kwenye pamanganeti, zile punje za zambarau ambazo wengi tunazijua kwa kuoshea mboga. Lilikuwa bwawa la udongo la mzee mmoja, maji mazito, matope chini, mabaki ya pumba. Nikatia gramu 2 kwa kila mita ya ujazo. Maji yakawa ya waridi, yakapendeza, na kabla ya saa moja kupita yakageuka kahawia kama chai. Nikaamini dawa ni dhaifu, nikarudia. Sikujua kwamba pamanganeti haichagui: inaunguza chochote chenye uhai au kilichowahi kuwa na uhai, na matope yale yalikuwa yanaimaliza kabla haijamfikia kimelea hata mmoja. Ile rangi ya waridi inatakiwa ikae kwa muda wa saa nane au zaidi. Kwenye maji machafu haikai, na mtu anayeendelea kuongeza mpaka ikae anafika siku moja mahali ambapo matope yametosheka na kinachofuata kuungua ni matamvua. Nilifika mahali hapo. Vifaranga wa yule mzee wa watu nilivilipa kwa awamu tatu. Kabla ya kutia pamanganeti bwawani, chota maji kwenye ndoo kadhaa, tia vipimo tofauti, angalia baada ya robo saa ni ndoo ipi imebaki na rangi. Ni kazi ya dakika chache.

Mrututu, ile chumvi ya buluu ya madini ya shaba, nao una mtego wake. Ukali wake unategemea ualikali wa maji, yaani uwezo wa maji kupoza asidi. Maji yenye ualikali mkubwa yanaupoza, na maji laini yanauacha uwe sumu kamili. Maji ya kisima cha Mbezi na maji ya mvua yaliyokingwa bati moja hayawezi kutumia kijiko kimoja. Chini ya miligramu 50 za ualikali kwa lita, uache kabisa.

Jambo lingine linalowachanganya watu ni dawa kufanya kazi leo na ugonjwa kurudi Jumapili. Chukua madoa meupe. Lile doa unaloliona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula humo, na dawa ya majini haikifikii. Kikishiba kinadondoka, kinajishikiza chini ya tanki, kinajifungia ndani ya ganda na kugawanyika, kimoja kinakuwa mamia. Hao wachanga wanatoka kuogelea kutafuta samaki, na wana siku moja au mbili tu za kumpata kabla hawajafa. Hapo tu ndipo wanapokuwa uchi mbele ya dawa. Kwa hiyo kipimo kimoja kinaua waliokuwa wakiogelea siku hiyo. Waliojichimbia wapo, na waliojifungia wapo. Kwa joto letu mzunguko mzima unamalizika ndani ya siku chache, ndiyo maana dawa hurudiwa kila baada ya siku mbili au tatu, mara tatu au zaidi. Huko kwenye maji ya baridi mzunguko huohuo huenda wiki kadhaa, na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya huko yanawapotosha wa huku.

Minyoo ya matamvua inayotaga inafanana na hayo: mayai yao ni magumu, dawa inapita juu yake. Prazikwanteli, ileile tunayomezeshwa kwa kichocho, inaua mnyoo mkubwa na kuacha mayai, hivyo nayo hurudiwa wakishaanguliwa. Lakini haiui trikodina wala madoa meupe, kwa sababu hao si minyoo. Kila nikizungumza na wafugaji nawaomba jambo moja: dawa ya kuku ya kuua bakteria, zile oksitetrasaikilini za pakiti, haiui kimelea hata kimoja kati ya hivi nilivyovitaja. Unachofanya ni kuwafundisha bakteria wa tanki lako kuizoea. Na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa kwa kukisia, najua yanapendwa, lakini maji yake yakikolea yanamdhuru samaki mwenyewe, na majani yakioza yanakula hewa.

Chumvi ndiyo naipenda, na nitasema kwa nini. Dawa nyingine zote zinamwongezea samaki mzigo. Chumvi kidogo inampunguzia. Damu ya samaki wa maji baridi ina karibu gramu 9 za chumvi kwa lita. Ukifanya maji yake yawe na gramu 2 au 3, ile kazi ya kupigana na maji yanayoingia mwilini inakuwa nyepesi, na nguvu aliyookoa anaitumia kupona. Kwa kimelea kama trikodina hali ni kinyume. Hicho ni seli moja isiyo na figo wala ngozi nene, na ukikitumbukiza ghafla kwenye chumvi ya gramu 10 kwa lita, yaani kilo moja kwenye lita mia, kinanyauka. Sato anavumilia bafu hiyo nusu saa akiwa na hewa ya kutosha, ukiwa umesimama unamtazama. Akianza kulala ubavu, mtoe. Kambale hana magamba, naye nampa kipimo kidogo zaidi na kumjaribu kwanza. Halafu usimpime kambale kwa kuhema juu ya maji, maana kuja juu kuvuta hewa ndiyo tabia yake hata akiwa mzima.

Chumvi ya mawe inayotoka mashamba ya pwani inatosha kabisa. Kasoro yake ni gharama ya bwawa kubwa: gramu 3 kwa lita kwenye mita za ujazo 200 ni kilo 600. Kwa hiyo ni dawa ya beseni, ya simtanki na ya vifaranga wapya kabla hawajachanganywa na wa zamani.

Malakaiti grini ninaitaja ili uiache. Wanaouza samaki wa mapambo wanayo, na kwa madoa meupe inaua kweli. Lakini inabaki kwenye nyama ya samaki muda mrefu, na Ulaya na Marekani zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa kwa hofu ya saratani. Samaki wako mwisho wake ni sahani ya mtoto wa mtu.

Tusidhani shida hii ni ya matanki ya uani tu. Norwei, wanaofuga samoni kwa mamilioni baharini, wanapambana na chawa wa samoni kwa miaka mingi. Sheria yao inataka wastani wa chawa jike waliokomaa usizidi nusu kwa samaki mmoja, na majira ya kuchipua usizidi 0.2, ili kuwalinda samoni wa porini wanaopita hapo. Maana yake mfugaji analazimika kutibu samaki ambaye bado anaonekana mzima. Dawa za awali chawa wamezizoea. Wakahamia kwenye mashine zinazowapitisha samaki kwenye maji ya nyuzi karibu 30 kwa nusu dakika, na nyingine zinazowasugua kwa mkondo wa maji. Chawa wanadondoka. Samoni, kiumbe aliyezoea maji yenye ubaridi, anajirusha, anajigonga, anatoka na michubuko, na walio na matamvua mabovu wanakufa siku zinazofuata. Matajiri wenye madaktari wa samaki kila kizimba wamekutana na swali lilelile la mama wa Msongola.

Siku zinazofuata ndizo zinazosahaulika. Samaki akivuka usiku wa dawa, bado ana vidonda vidogo kila kimelea kilipojishikiza, na bakteria wanaoishi majini siku zote wanaingia hapo. Mapezi yanaanza kuliwa pembeni, au ukungu kama pamba unajitokeza ubavuni. Mwenye mfumo wa kuzungusha maji ana hatari ya ziada: kichujio chake kina bakteria wema wanaobadilisha amonia, na formalini au pamanganeti inaweza kuwaua wote. Siku ya tatu, ya nne, samaki wanakufa kwa amonia, na mtu anaona kimelea kimerudi, anatia dawa tena. Mtenge samaki na kichujio kabla ya kutibu. Na ukikimbilia kubadilisha maji kwa maji ya bomba, kumbuka yana klorini. Yaache wazi siku nzima huku ukiyapuliza, la sivyo umeyamwagia matamvua yaliyoungua kitu kingine cha kuunguza.

Kuna vimelea ambavyo huwezi kuvitibu kwa dawa kabisa. Yale mabuu ya njano unayoyakuta ndani ya nyama yalipitia kwa konokono na yanasubiri samaki aliwe na ndege. Ng'oa majani pembeni, kausha bwawa, mwaga chokaa, funga nyavu za kuzuia kulasitara na mnandi. Mlaji apike samaki aive vizuri.

Miezi kadhaa baadaye yule mama alinipigia tena. Tanki jipya la vifaranga, wameanza kujisugua. Safari hii hakununua kitu. Nilikwenda na hadubini yangu ndogo. Ni lazima uchunguze samaki aliye hai, kwa sababu akishakufa vimelea vingi vinamtoroka au vinakufa, na utaona kioo kitupu. (Asiye na hadubini awapigie Maabara ya Veterinari pale Temeke au watu wa viumbe maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Kunduchi, aulize kama watampokea samaki wake hai ndani ya mfuko wa maji.) Nikakwangua ute nyuma ya pezi kwa ukingo wa kioo, tone la maji ya tanki juu yake, kioo cha pili. Nikamwachia mama atazame.

"Huyo anazunguka," akasema. "Kama gurudumu. Na mwingine kule."

Tulitazama kioo chote. Tulihesabu watatu. Trikodina anakula zaidi bakteria walioko majini, kwa hiyo akiongezeka ujue chakula kimezidi kuoza chini. Matamvua yalikuwa mekundu, safu zimeachana. Nikamuuliza analisha mara ngapi. Mara tano, akasema, na pumba juu yake, ili wakue haraka.

Hatukutia dawa. Alinyonya uchafu wa chini kwa mpira, akapunguza theluthi ya maji, akarudisha ya kisima polepole, akatia chumvi gramu 2 kwa lita akiwa ameshapima kina kwa fimbo yenye alama alizochonga mwenyewe. Chakula akakishusha hadi mara mbili. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya kioo alichoandaa mwenyewe, ameipiga kwa simu kupitia tundu la hadubini niliyomwachia. Alikuwa mmoja tu, pembeni, na chini yake mama ameandika: "Huyu nimwache?"

Nikamjibu amwache.